Kochi Lililoshinda Mlango

Hapa Dagoretti Corner mafundi hupaka makochi vanishi kando ya barabara, na harufu hiyo ikinipata tu, narudi utotoni.

Baba alikuwa fundi hukuhuku Nairobi, akiwatengenezea wengine makochi. Krismasi moja akaleta la kwake nyumbani kwa lori, limefungwa magunia, na kijiji kizima kikaja kulitazama. Mlango wetu ukalikataa. Wakalilaza, wakalisimamisha, wapi! Jirani akacheka: "Hilo ni la watu wa Nairobi. Lirudisheni."

Mama, aliyebaki na sisi na shamba miaka yote hiyo, akachukua jembe. "Baba watoto, kochi halirudi. Ukuta ndio utatoka."

Akaubomoa mwenyewe, sisi watoto tukizoa udongo kwa vigelegele. Jioni alikuwa amekaa katikati ya kochi, miguu imejaa vumbi, akimwita yule jirani aje anywe chai: "Pitia hapahapa ukutani!"

"Madam, mlango yenu ni kubwa aje?" fundi ananiuliza sasa, tepu mkononi.

"Hii naipeleka nyumbani kwa mama," namjibu. "Wewe tengeneza kubwa. Mlango, mama atajua."