Shafti Isiyoachwa Ilale

Kaka yangu Kastori, tuliyemzika Jumamosi katikati ya migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo huko Kilema, hakujua kutulia. Hata kanisani alisimama nyuma, kiganja ukutani, kana kwamba ukuta nao ungeanza kutetemeka.

Alikuwa fundi wa mtambo wa mvuke kwenye kiwanda cha sukari, huko tambarare. Krismasi moja, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kiwanda kilizimwa na watu wakakimbilia lori la Himo ili wapande mlimani kwao. Yeye hakuja. Baba akashika kisu, akamtazama mbuzi.

"Sichinji bila mwanangu mkubwa. Redempta, kamlete."

Nilimkuta amevua shati, anasukuma nondo ndefu iliyochomekwa kwenye shafti, kile chuma kinene kinachozunguka ndani ya mtambo. Elifuraha, mwenzake wa zamu, alikuwa chini akihema.

"Shikamoo kaka. Baba anakungoja."

"Marahaba. Mwambie wale."

"Mbuzi bado yuko hai."

Elifuraha akacheka. "Basi huyo mbuzi anatuombea tusimalize!"

Kaka akanieleza huku akisukuma. Shafti ya moto ikiachwa ilale hupinda, kidogo tu, jicho halioni. Lakini siku ikirudishwa kazini, hutikisika mpaka ivunje beringi zake, vyuma vinavyoishikilia. Mwaka uliotangulia waliiacha ikiwa moto, wakawahi sikukuu. Walipoiwasha tena ilitikisa mpaka sakafu ikapasuka, na kiwanda kikasimama.

"Shika hapa, dada. Nusu mzunguko, pumzika, kisha tena. Mpaka ipoe."

Nikashika. Tulifika nyumbani kesho yake, viganja vimechubuka. Baba alinoa kisu upya.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha kaka. Mtawa wa hospitali akatuonya tusimwache alale upande mmoja, atapata vidonda. Nikawa namgeuza, nasali rozari, namgeuza tena.

"Bado ya moto, dada," alininong'oneza kwa mdomo uliopinda. "Zungusha."

Tulipomwosha, mwili wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nikikaa, mikono inaanza kutafuta cha kugeuza. Nainuka, naugeuza mto wake, narudi kukaa. Halafu nainuka tena.