Mtandao wa Dada Asteria

Majuzi nilimwona mtoto wa jirani amepanda kichuguu, simu kainyoosha juu, nikacheka peke yangu. Mchana mmoja hapa Maguu nami nilifanya vivyo hivyo.

Tulikuwa tunalinda kahawa iliyoanikwa, mimi na dada Asteria, binti wa mama mkubwa, mgeni wetu kutoka Mbamba Bay. Nguo zake zilinukia usipa, vile visamaki vya ziwani. Aliwasha hotspoti tushindane mchezo wa mbio za magari, mimi nikitumia simu ya mama. Kesho yake angerudi kwao, na sikuwa nimemshinda hata mara moja.

Gari langu likaganda. Kwetu ukitaka kupiga simu unapanda mlimani, kwa hiyo nikapanda. Likazidi kuganda. Nikapanda tena, migomba ikinichapa usoni.

“Rudi, we kichwa maji!” akaita. “Mtandao unatoka kwenye simu yangu, siyo mlimani!”

Nikashuka mbio, nikakaa nimemgandamiza begani.

“Sogea, unanibana.”

“Sisogei, dada.”

Nikamaliza wa kwanza. Asteria akazima hotspoti papo hapo.

“Mtandao wangu,” akasema, “ushindi wangu.”