Kidato cha Tatu, Walipotupima Koo

Enzi zetu kule milimani Taita, mtoto hakuchagua somo. Somo lilimchagua mtoto, tena mbele ya shule nzima, ukungu ungali kwenye nyasi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka: sweta ya kaka ikishushwa kwa dada, visigino vimepasuka kwa baridi, mchezo wa kati kwa mpira wa matambara mpaka jua lizame nyuma ya kilima, halafu mbio nyumbani kwenye kimanga cha muhogo na maharagwe, cha moto hadi machozi yatoke. Nilikuwa na furaha, siwezi kukana. Lakini kuna asubuhi moja ambayo nikiikumbuka, chai hunipolea mkononi kwa hasira.

Tulikuwa tumeingia Kidato cha Tatu. Fasihi ya Kiingereza na Kilimo vilifundishwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiingia huku umekosa kule. Nani aende wapi? Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na njia yake. Kila mwanafunzi alisimama paredi akasoma ukurasa wa kitabu kwa sauti. Mwalimu akiitikia kwa kichwa, wewe ni wa Fasihi. Akinyoosha kidole kuelekea shamba la shule, kachukue jembe.

Mimi niliitaka Fasihi kuliko nilivyotaka viatu. Kiingereza nilijifundisha jikoni. Mama alikuwa amebandika magazeti ya zamani ukutani kuzuia upepo wa kilima chetu cha Chawia, nami niliyasoma nikikoroga chungu, mara nimeinama, mara nimepanda kigoda, mpaka pale gundi ya unga ilipokuwa imekula maneno. Habari iliyokatika nilijimalizia mwenyewe. Lakini kusoma kwa sauti? Ningemsomea nani, mbuzi? Isitoshe, nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nikifagia uwanja na jani moja likaanguka nyuma yangu, nilirudi kuanza upya.

Aliyenitangulia alikuwa Mwadime, mtoto wa mfanyakazi wa reli kule Voi. Aliusoma ukurasa kama gari la mizigo lisilosimama stesheni ndogo, bila kituo, bila pumzi. Mwalimu akaitikia. Ikaja zamu yangu. Nikakosea neno moja, nikarudi mwanzo wa sentensi. Nikakosea jingine, nikarudi tena. Sikuweza kuliacha kosa na kuendelea mbele; ulimi haukukubali.

"Santuri imekwaruzwa!" mvulana mmoja akapaza sauti nyuma. "Mpigeni kofi iruke!"

Shule nzima ikaangua kicheko, hata wapishi mlangoni. Sijafika nusu ya ukurasa, kidole kikaelekea shambani.

Mwalimu hakuniuliza ukurasa ule ulisema nini. Hakumuuliza Mwadime vilevile. Jioni ileile Mwadime alinifuata bombani.

"Wee Mghoi, hebu niambie. Yule mzee kwenye kile kitabu alikuwa analilia nini?"

Nikamwambia. Nikaendelea kumwambia mpaka tulipomaliza Kidato cha Nne, mimi nikipalilia kabichi za shule, yeye amekalia debe na kitabu magotini. "Ngoja, ngoja, rudia hapo kwa mke wake." Simlaumu Mwadime. Alikuwa kijana mwema, na alipofaulu alinishukuru mbele ya watu. Lakini aliyeitwa mwanafasihi ni yeye.

Mama aliposikia yaliyonipata, alikuja na kikapu chake cha mboga, kwa maana ndiye aliyeiuzia shule kabichi. Hakupitia jikoni. Alimwendea mwalimu moja kwa moja.

"Mwalimu, hamjambo. Mwanangu mmempima kichwa au mmempima koo?"

Mwalimu akacheka kwa adabu. "Mama Mghoi, kabichi zako ni nzuri sana. Kilimo kiko kwenye damu yake. Kitamfaa."

"Kabichi namfundisha mimi," Mama akasema. "Hapa nimemleta afundishwe nisichokijua."

Akajibiwa kwamba darasa limejaa. Limejaa! Nilipita kando ya dirisha nikaona viti vitupu kwa macho yangu. Mama alibeba kikapu chake akapanda mlima bila kuniangalia, na mimi nikajua kwamba amelia, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kupita bila kunirekebisha kola.

Sikukaa katika darasa lile hata siku moja.

Leo binti ya kaka yangu anasoma Voi. Fasihi wanafundishwa wote, hakuna anayesimamishwa kwenye umande kuchekwa, vitabu viko ndani ya simu, na mwalimu wake, Mungu ambariki, humuuliza: wewe waonaje? Juzi nikataka kujua alijibu nini. Hakuinua macho.

"Nilimwambia iko tu sawa, Anti."

"Na kitabu ulikimaliza?"

"Nilisoma ule muhtasari wa mtandaoni."

Nilitoka nje. Vitabu vya Fasihi vya miaka yetu nimevitafuta mwenyewe, kimoja baada ya kingine, nimevisoma vyote. Sijui kama nimevielewa inavyotakiwa. Wasiwasi huo ninao hadi leo. Juu ya kila kimoja nina maoni yangu, nimeyapanga na kuyapangua kichwani mpaka yakanyooka. Mwalimu wa kuniuliza naonaje ndiye ambaye sijampata.