Paa la Tanuri la Awadh

Revelian, fundi chuma wa Temeke, alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: hakuwahi kukosea. Bawaba ikikatika, kosa la mlango. Jembe likipinda, kosa la udongo. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, na ukikaa naye dakika mbili angekwambia kwamba babu zake waliyeyusha chuma zamani, Waingereza hawa wanaotutawala wakiwa bado wanawindana kwa mawe. Ukikaa dakika kumi, umechelewa kwako.

Mwaka 1952 Awadh, mwenye duka la mikate, alimpa kazi ya kuweka paa la chuma ndani ya tanuri lake jipya. Revelian alijua fika bamba gani linafaa. Zamani, katika karakana ya reli, msimamizi wake Mgoa, Fransis, aliwahi kutia vipande viwili kwenye moto mmoja mpaka vikawa vyekundu, akavitoa vipoe. Cha kwanza, chuma cha kawaida, kilikuwa kimevaa gamba jeusi nene. Kilipopoa, gamba likaanza kupasuka lenyewe, pa! pa!, likamwagika sakafuni. Cha pili kilichanganywa na kromu, madini ya kuzuia kutu. Gamba lake lilikuwa jembamba kama utando wa maziwa, likang'ang'ania palepale.

"Umeona?" alisema Fransis. "Chuma kikipoa kinasinyaa, gamba haliwezi kusinyaa sawa nacho. Ndipo wanapoachana. Hawa wa kromu, talaka yao ngumu."

Bamba la kromu Revelian alikuwa nalo, moja tu. Akalifanyia nini? Akalisugua likang'aa, akaliandika REVELIAN BINGWA WA CHUMA, akalitundika barabarani. Tanuri la Awadh likapata bamba la kawaida.

"Hili halitatudondoshea kitu, fundi?" aliuliza Albano, mwoka mikate wa Awadh, mtu wa makamo kutoka Songea.

"Wewe kanda unga, chuma niachie mie. Ila moto usizimike kabisa."

Haukuzimika miezi minane. Kila alfajiri kuni zilililamba lile bamba mpaka likawa jekundu. Kazi ikiisha, makaa yakafukiwa pembeni, tanuri likabaki na joto. Juu kule gamba likanenepa, halina haraka.

Kisha akafariki Bi Hayat, mama yake Awadh. Tanuri likazimwa siku tatu, likapoa kabisa. Siku ya hitima Albano akaliwasha tena, baada ya kulifagia mara mbili, akaoka boflo mia moja.

Watu wakamaliza kusoma, chai ikaja, mikate ikaja. Mzee Jaffar, mjomba wa marehemu, akauma, akatulia, akatoa ulimini kipande cheusi. Akageuza mkate wake. Ulikuwa na magamba mgongoni.

"Awadh, mwanangu," alisema, "huyu mpishi wako anaoka mikate au samaki changu?"

Kicheko kikapita barazani, kisha kikaona haya. Albano akaitwa mbele ya watu themanini.

"Nilifagia mara mbili, bwana, haki ya Mungu."

"Ulifagia kwa nini, kwa masizi?" mtu akadakia.

Albano akamtazama Revelian, aliyekaa karibu na nguzo. Revelian akainua kikombe akanywa chai iliyokwisha kitambo.

"Kusanya vyako," Awadh alimwambia Albano. "Mama nimemzika juzi, nawe unaniaibisha hivi."

Revelian alivumilia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini akaenda dukani akasema yote, bamba, kromu, gamba.

Awadh alimsikiliza mpaka mwisho. "Aliposimama pale peke yake, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, bwana. Nakunywa chai."

"Basi usiniambie mie. Waambie wale themanini."

Kwanza alipeleka ujumbe wa Awadh Pugu, Albano alikohamia, akamkuta anapasua kokoto.

"Rudi, ndugu yangu. Awadh anakutaka."

"Nirudi nimwokee nani, fundi?" Albano hakuacha kugonga. "Watu wa Temeke watanunua mkate, kisha wataugeuza kwanza. Kila siku watageuza. Mie sitaki kutazama hilo."

Revelian akarudi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee Jaffar alimkaribisha, akamsikiliza, macho yakamlowa.

"Wewe muungwana, fundi. Wachache wanaoweza kusema hivyo."

"Sitaki sifa, mzee. Nataka ujue Albano hakuwa na kosa."

"Ee, nimekuelewa, kosa lako. Lakini yule naye alikuwa mchafu, bwana. Sote tulimwona."

"Hakuwa mchafu!"

"Ndiyo maana nikasema muungwana."

Nyumba zilizobaki alizimaliza zote kwa wiki tatu, na karibu kila mlango alitoka na pongezi. Habari za fundi mkweli zikafika mpaka Kinondoni, zikamletea kazi nyingi. Alizikubali, maana watoto wanakula, na alizifanya vizuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Albano hakurudi.