Mtembeza Wageni Mbele ya Ukuta Mtupu

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka amesimama kwenye baraza la hoteli akisubiri wageni wake wa siku. Beji ya kazi inaning'inia kifuani. Kiatu cha kulia amekilaza sawasawa na mstari wa vigae, na anakaa hivyo bila kusogea hata inchi moja.

"Wawili," ananong'ona dereva wake kwa nyuma, akijifanya anafuta kioo cha gari. "Mama mtu mzima, ana fimbo. Binti yake yuko kushoto, kavaa njano."

Mwanamume anageuza uso kuelekea penye njano, anatabasamu, kisha anamshushia mama shikamoo ya heshima kabla mtu hajasema lolote. Mama anaitikia marahaba kwa furaha tele. Mwandishi wa gazeti hili, aliyekuwa karibu na kusikia ule mnong'ono, alidhani ni mazoea ya kazi tu, akauacha upite.

Watembeza wageni wenzake wanamwita Bwana Tarehe. Mtajie chumba chochote cha kasri kuu, atakwambia kilijengwa mwaka gani na mwezi gani, na ukimchokoza zaidi atakwambia kama siku hiyo mvua ilinyesha. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na minne amekuwa akiwapeleka watu safari ileile ya siku moja kwa gari la kukodi: kasri kuu la mlimani asubuhi, mji wa kwanza wa pwani kwa chakula cha mchana, kasri dogo walikopumzika wafalme nyakati za joto, halafu mji wa pili wenye mnara wa taa, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi.

Miaka mitatu ya mwisho ameifanya safari hiyo huku macho yakimfia.

Gazeti hili halikulijua hilo lilipopanda gari lake Alhamisi ile. Tulikwenda kuandika habari za mtu asiyekosea tarehe. Waliojua walikuwa watatu tu: mkewe, daktari, na dereva, ambaye ni mdogo wa mkewe na kwa hiyo ni shemeji yake. Jicho la kulia lilishazimika. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na siku nyingine tundu lenyewe lina ukungu. Ugonjwa ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Jumatatu iliyokuwa ikifuata, beji yake ilikuwa inaisha muda, na fomu ya mwaka huu ilikuja na mstari mpya: cheti cha daktari wa macho.

Ndani ya gari, hata hivyo, ungemsikiliza ungedhani ana macho manne. Anaonyesha daraja kabla halijafika, anataja mwaka ambao mto ulilibomoa, anamtania shemeji yake kwamba anaendesha kama anabeba mayai ya jirani. Yule mama anacheka mpaka anashika ubavu. Ni mwalimu mstaafu, umri wake miaka sabini na minne, na alifundisha historia katika shule moja ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Wanawe wanne walichanga ili akaone yale aliyokuwa akiyafundisha. Maana hajawahi kuyaona.

Anachokitaka zaidi ni picha moja. Kwenye jalada la kitabu chake cha kufundishia palikuwa na picha ya kuchorwa ya malkia aliyeketi kwenye kiti kirefu, na kila mwaka watoto wapya walimchora masharubu, naye kila mwaka alikaa na kifutio akimnyoa. "Hayo mengine nitayaangalia kwa kuwa yako njiani," anasema. "Mimi nimemfuata malkia wangu."

"Utamkuta, mama," anamjibu Bwana Tarehe. "Hajatoka pale tangu nianze kazi."

Kasri kuu lina mambo yake. Kutoka lango la nje mpaka mlango wa shaba ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Ngazi ni thelathini na saba, na ya kumi na tisa imelika katikati. Ukiingia chumba cha mikutano, ubao wa tatu wa sakafu unalia ukiukanyaga, na hapo ukigeuka kushoto na kunyoosha mkono unakuwa unamwelekea malkia. Dereva hubaki na gari langoni, lakini Bwana Tarehe hakuhitaji macho kwa lolote katika hayo. Alihesabu kimoyomoyo huku mdomo ukisimulia, na kwa miaka mitatu hesabu haikumwangusha.

Ubao ulilia. Akageuka kushoto, akanyoosha mkono, sauti ikashuka kama inavyoshuka siku zote mahali hapo.

Akamweleza mwalimu jinsi mchoraji alivyoajiriwa kwa miezi mitano, jinsi malkia alivyokataa kuvaa taji kwa sababu lilimuumiza kichwa, akavaa hereni za lulu za mama yake badala yake. Akamwomba aangalie rangi ya gauni, kijani ambacho hakuna aliyeweza kukitengeneza tena. Alisimulia vizuri. Hata mwandishi alijikuta ananyamazisha kalamu.

Mbele yetu palikuwa na ukuta mtupu, mstatili wa rangi iliyopauka, misumari miwili na karatasi iliyobandikwa.

Mwalimu alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akasogea hatua moja, akarudi. "Mwanangu," akasema polepole, "mbona mimi siioni?"

Hapa ndipo Bwana Tarehe alipofanya jambo ambalo mpaka leo halimpi usingizi. Alielewa mara moja kwamba kuna kitu kimeharibika. Alielewa pia kwamba bibi kizee amedhani ni macho yake mwenyewe. Angeweza kunyamaza tu. Yeye akasema: "Ni mwanga wa dirishani, mama. Saa hizi unawasumbua watu wazima wengi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari aliyokuwa akiitarajia. Binti yake akafungua mdomo, akamtazama mtembeza wageni, kisha akageukia ile karatasi ukutani. Mlinzi wa chumba ndiye aliyemaliza mambo, wala hakuwa na nia mbaya. Alisema tu, kwa sauti ya kumkumbusha mwenzake, kwamba picha iliteremshwa jana jioni kwa ukarabati, na kwamba tangazo hilo hapo ukutani lina maandishi makubwa kabisa.

Gari likateremka kuelekea pwani. Mto mwingine ulivukwa bila mwaka wake kutajwa.

Katika mji wa kwanza wa pwani, wakati wageni wanakula, Bwana Tarehe hakugusa sahani yake. Alikaa kwenye ukuta wa forodha ya zamani, mgongo kwa bahari. Shemeji yake, aliyekwisha kusikia kisa chote kwa binti, alimfuata huko. Kwa miaka mitatu dereva huyu amekohoa mara moja penye kidato cha ngazi, mara mbili penye mtu, ametaja rangi za nguo kama mtu anayejisemea peke yake. Hajawahi kulalamika hata siku moja.

"Shemeji," akasema, "kuwa macho yako sijachoka. Nilichochoka nacho ni kudanganya watu. Leo umemdanganya mama wa watu."

Bwana Tarehe hakubisha. Alibaki anazungusha beji vidoleni, halafu akaomba apelekwe kwa mwandishi, na papo hapo akasimulia yote, bila kuulizwa na bila kujipunguzia. Alisimulia pia lile ambalo hata shemeji yake alikuwa hajalisikia.

Mwaka ule wa kwanza, daktari alimpa dawa ya matone. Asubuhi na jioni, bila kukosa, na macho yangebaki pale yalipokuwa. Chupa moja ilimaliza posho ya siku nzima, ila pesa hazikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba matone yaliyafanya macho mekundu kwa saa nyingi. Safari ya gari la kukodi ni mtu kukaa uso kwa uso na wageni siku kutwa. Mgeni mmoja aliandika kwa wakala wa safari kwamba mtembeza wageni alikuwa mzuri lakini bila shaka amelewa. Wiki hiyo alikosa safari nne. Tangu hapo akaamua atatia dawa siku asizokuwa na wageni.

"Na siku za wageni zilikuwa ngapi?" aliulizwa.

"Msimu ukiwa mzuri, ishirini na mbili kwa mwezi," akasema. "Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mimi sipumziki."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya kukisikia. Yaani kazi aliyokuwa akiilinda ndiyo iliyomla macho, na macho yalipokwisha na kazi ikaondoka nayo. Mtu akijifanyia hivyo mwenyewe, hana hata wa kumlaumu.

Saa tisa alasiri, kwenye bustani ya kasri dogo, alimwomba mwalimu wakae benchi moja. Binti alisogea kando. Bwana Tarehe alimwambia kwamba macho yake mama hayana neno, kwamba asiyeona ni yeye, na kwamba alipousingizia mwanga alikuwa anajua anachokifanya. Akamwomba radhi.

Mikono ya mwalimu ilikuwa juu ya kichwa cha fimbo, mmoja juu ya mwingine.

"Mpaka mlinzi aliposema, nilikuwa najua nimekuwa kipofu," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza niwaambieje watoto. Ungeniambia tu, baba. Mimi nimeshika mikono ya watoto mia nane wasiojua kusoma. Ningeushika na wako."

Kisha akafanya kama mwalimu afanyavyo. Alimwambia kwamba picha hakuiona na pengine hataiona tena, kwa hiyo amweleze vizuri, polepole, mahali pa mikono hasa, kwa maana kwenye jalada la kitabu sehemu ya chini ilikatwa na hajawahi kujua malkia ameweka wapi mikono yake.

Bwana Tarehe akaanza. Hereni zilikuja, gauni likaja, kiti kikaja na mwaka wake. Alipofika kwenye mikono, akasita. Akarudi nyuma akaanza tena kutoka kwenye hereni, haraka zaidi, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Akakwama palepale.

"Sijui," akasema. "Mama, sijui. Nimeisimulia miaka mitatu bila kuiona. Maneno ninayo yote. Picha yenyewe imenitoka kichwani."

Akalia, mtu mzima, kwenye benchi la bustani ambamo wageni hupiga picha. Mwalimu hakumwambia anyamaze. Mji wenye mnara wa taa hawakwenda. Ni yeye mwalimu aliyesema warudi.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkewe anashona sare za shule, na cherehani iko karibu na mlango ili ipate mwanga. Kwa sasa cherehani hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa akimpangia soksi na kumpigia shati pasi, na yeye ndiye aliyekuja kukuta, ndani ya koti la zamani, chupa tatu za dawa ambazo hazijafunguliwa.

"Sikumpigia kelele," anasema, mguu ukiwa umetulia juu ya pedali. "Nilimwambia tu: miaka ya kuona ulipewa mkononi, ukaitia mfukoni."

Mumewe alikuwa amekaa hapohapo, anasikia.

Jumatatu alikwenda ofisi ya leseni bila cheti. Aliiweka beji juu ya meza ya karani na kusema anairudisha. Karani, binti mdogo aliyemjua kwa sifa, aliuliza aandike sababu gani, maana kuna nafasi ya kujaza. Alimwambia aandike macho. Kisha ilibidi karani amshike kidole na kukiongoza mpaka kwenye mstari wa sahihi. Wenzake waliokuwa kwenye foleni walifikiri anatania, kwa kuwa Bwana Tarehe ni mtu wa mizaha, na wawili walicheka kabla hawajaelewa.

Tulimtembelea tena wiki iliyopita. Saa moja kasoro robo asubuhi, saa aliyozoea kuwa kwenye baraza la hoteli, mkewe anaacha cherehani na kumtia matone, moja kila jicho, hata lile lililozimika. Anafumba macho na kuhesabu mpaka sitini kwa sauti. Akiyafumbua yanakuwa mekundu sana. Hilo halimsumbui tena, hakuna mgeni wa kumwona.

Mwalimu mstaafu humpigia simu Jumapili. Wamepatana kwamba picha ikirudi watakwenda wote wawili, shemeji ataendesha, na hakuna atakayesimulia lolote mpaka watakapokuwa wamesimama mbele ya malkia na kuitazama ile mikono. Ndiyo mpango pekee alionao. Tulimuuliza kama anaamini utatimia.

Alisema amemtuma shemeji yake akamsomee ile karatasi ya ukutani. Mafundi wa picha wameandika miezi minane. Daktari, kwa hilo jicho la kushoto, hakuweza kumwahidi zaidi ya sita.

"Naomba mmoja wao awe amekosea," anasema Bwana Tarehe. "Yeyote tu."