Bakuli la Tindikali kwenye Chumba Alicholala Mama Mkwe

Jamani, habari hii sijawahi kuisimulia yote. Nusu yake mtaa mzima wa Kizwite wanaijua, ndiyo nusu inayochekesha, ya fundi simu aliyetoka ndani mbio amembeba mama mkwe wake mikononi mbele ya jumuiya ya kanisa, mama wa watu akiwa na shumizi tu. Nusu ya pili naionea aibu hata nikiwa peke yangu. Leo naisema, na mkitaka kunitukana nitukaneni, nimeshajitukana sana mwenyewe.

Kwenye kibanda changu nilikuwa na gunia la mabodi mabovu, ya simu na ya kompyuta za maofisini, vitu ambavyo mtu anakuachia anasema atarudi kesho na harudi tena. Basi siku moja nikaona kwenye simu video ya jamaa anakata yale meno yenye rangi ya dhahabu pembeni mwa bodi, anayaloweka kwenye tindikali, shaba inaliwa yote na ile dhahabu inabaki vipande vyembamba vinaelea. Nikachanganyikiwa. (Sikuwa nawaza utajiri, niaminini. Tulifunga ndoa na pete ya shaba, kidole cha mke wangu kila mara kinaingia ukijani, na nilishamwahidi ya dhahabu mpaka ahadi yenyewe ikawa utani wa nyumbani.) Yule jamaa wa kwenye video alisema pia fanyeni nje, mbali na watu, vaeni glavu na miwani, tindikali itiwe kidogo kidogo, ule moshi wake unaua. Hapo nikapitisha kidole, nikaruka mbele, kama tunavyoruka matangazo.

Tindikali nilinunua kwa kijana mmoja anayekwenda machimboni Chunya. Chupa haikuwa hata na karatasi. Akaniambia, "Hii kali, mshikaji, usicheze nayo." Nikamjibu, "Poa," kama ananiuzia pilipili.

Siku niliyochagua ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu (hapo tu mtu mwenye akili angeahirisha). Nikaanza asubuhi nyuma ya nyumba, nimeweka yale meno kwenye bakuli la kioo la mke wangu, lile la kachumbari, nikamimina. Lakini mnaujua upepo wetu wa mwezi wa saba, unatoka huko Pito unakuja na vumbi lote la mashambani, ukawa unajaza mchanga kwenye bakuli, na kwa baridi ile dawa yenyewe ikawa imelala tu, haichemki, haifanyi lolote. Halafu nikawaza, watu wa jumuiya watapita uani, wataniuliza napika nini. Basi nikalibeba bakuli nikaliingiza chumba cha watoto, watoto wakiwa kanisani kwenye mafundisho, nikaliweka chini ya meza, nikafunga dirisha, nikaongeza tindikali nyingi ili imalize haraka, nikafunika na sinia. Dakika kumi tu, nikasema. Mke wangu sikumwambia, kwa sababu alishasema uchafu ule hataki kuuona ndani ya nyumba yake. Nikaenda kuazima mabenchi kwa jirani.

Jirani naye ana maneno mengi. Niliporudi na benchi la mwisho begani, watu walikuwa wameshajaa sebuleni, rozari imeanza, mke wangu ndiye anaongoza. Nikamwona mwanangu mkubwa, Anjela, kumbe mafundisho yameisha mapema, anakula mkate. Nikamnong'oneza, mkate umetoka wapi?

"Bibi kaja na basi la Ilemba," akasema. "Anasikia baridi, Mama kamlaza chumbani kwetu."

Mama mkwe alikuwa aje kesho yake. Chumba cha watoto hakina kitanda, kuna godoro chini, na yeye mtu wa bondeni kwenye joto, akifika huku juu kitu cha kwanza ni kujifunika na kufunga mlango. Nikaenda mpaka mlangoni. Sasa nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo ile nusu ya pili. Kwetu mkwe haingiliwi chumbani. Hata akiwa na nguo zake zote mwilini huingii, unasimama nje unamtuma mtu, ndivyo nilivyolelewa, na miaka kumi na mbili ya ndoa sikuwahi hata kukaa naye mkeka mmoja. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akakohoa. "Nimejilaza kidogo, nimeshavua."

Ningesema, mama, toka humo kuna sumu. Maneno sita hayafiki. Lakini sebule yote ingesikia, wangejua fundi anachemsha tindikali kwenye chumba wanacholala watoto wake, na Mzee Deo, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale niliposimama. Nikamwangalia mke wangu nimkonyeze aje aingie yeye. Amefumba macho. Walikuwa kwenye Salamu Maria ya tano. Nikajiambia, zimebaki tano, ziishe, nimwite taratibu, amtoe mama yake bila mtu kujua. Nikapiga hodi tena. Akakohoa tu. Ya sita, ya saba. Nikapiga hodi mara ya tatu. Nilisimama pale na mkono wangu uko kwenye kitasa, na sikukizungusha.

Kwenye ya tisa moshi ukatoka chini ya mlango, rangi ya kutu.

"Moto!" Mzee Deo akasema, akasimama na rozari yake mkononi.

Hapo ndipo nilipoingia, baada ya mtu mwingine kuona. Nikabana pumzi. Chumba kilikuwa chekundu kuanzia magotini kwenda chini, na yeye alikuwa huko chini, amekaa kwenye godoro, kanga amejibana nayo mdomoni. Nikamwokota kama alivyo, nikatoka naye, benchi likaanguka, wamama wakageuza nyuso, mwingine akavua kitenge chake akamtupia, na mimi nikaendelea kukimbia naye mpaka barabarani kama mwizi.

Pale kwenye upepo akatulia. Akaomba chai, akanywa. Watu wakaanza kucheka, si mnajua watu wakitoka kwenye hofu, na mmoja akasema mkwe leo umebebwa kama bibi harusi. Waliponiuliza ni nini kile, nikasema ni dawa ya mahindi, ya wadudu, nilifukiza stoo, iliyobaki nikaiacha mle chumbani. Ilitoka mdomoni yenyewe. Jumuiya ikamalizia sala nje, nami nikamshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Saa tisa mchana midomo yake ikaanza kuwa ya bluu. Alikuwa amekaa, hawezi kulala, anavuta hewa na haingii, na kifuani kunasikika maji. Tukamkimbiza hospitali. Daktari, msichana mdogo, akauliza kavuta nini. Mke wangu akasema dawa ya mahindi. Daktari akaniangalia mimi, "Dawa gani? Ina jina?" Wamama watatu wa jumuiya walikuwa wamekuja nasi, na Mzee Deo. Daktari akauliza tena, safari hii kwa ukali, na kutoka kitandani nikasikia ile sauti ya kifua.

"Ni tindikali," nikasema. "Nilikuwa natoa dhahabu kwenye mabodi."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikaa chini sakafuni. Daktari akaniambia moshi ule ni mzito, unakaa chini, na mtu anaweza kuuvuta akajiona mzima, halafu baada ya masaa mapafu yanajaa maji, na kwamba kila dakika aliyokaa mle ndani ina hesabu yake. Kila dakika. Mimi dakika zangu nazijua, nilizihesabu kwa Salamu Maria.

Alikaa kwenye mashine ya hewa siku tisa. Hakufa. Lakini shamba lake la mpunga sasa linalimwa na wengine, maana akitoka mlangoni mpaka kwenye mti wa jirani anasimama mara mbili kupumzika, na alikuwa mwanamke wa kutembea kutwa.

Tindikali sitaigusa tena, hilo ni jepesi, gunia zima niliwaachia wanaonunua vyuma chakavu. Kiapo changu ni kingine. Nikijua mtu yuko hatarini nyuma ya mlango, nitaingia, awe mkwe, awe askofu, awe uchi, radhi nitaomba akiwa anapumua.

Na mke wangu amenisamehe, ndiyo inayoniumiza. Tukienda Ilemba anawasimulia ndugu zake kwamba mume wangu ni mjinga, jamani, mjinga hasa, lakini alipojua tu kwamba mama yuko ndani hakusubiri, aliingia kwenye ule moshi. Ndugu wote wananigeukia, wengine wananishika mkono. Mama mkwe anakuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, aliyesikia hodi zote tatu. Ananiangalia kidogo, anavuta pumzi yake ile fupi.

"Ndiyo," anasema. "Alinibeba."