Choo cha Bi Mariamu Kwenye Karatasi

Fundi plasta aliyeitwa Mgeni, mwanamke wa Mikindani, alijaliwa mkono usiotetemeka. Mafundi wenzake walisema ukimpa ukuta uliobenuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, ataupiga plasta mpaka uone haya, unyooke wenyewe. Kazi alifundishwa na mjomba wake, na kwa miaka kumi na miwili alijenga mawazo ya watu wengine: mwingine anasema mlango ukae hapa, yeye anauzungushia plasta. Siku moja akajiuliza kwa nini yeye asiwe msemaji. Basi, akiwa na miaka thelathini na minne na watoto wawili, akajiandikisha darasa la uchoraji wa ramani za nyumba, jioni tatu kwa wiki, Mtwara mjini.

Wenzake darasani walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzijuzi. Kila alipochelewa walimpokea kwa pamoja: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora chumba chako cha kulala kama kinavyoonekana kutoka juu. Mgeni alichora kitanda na miguu yake yote minne, imetandazwa huku na huku kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Mwalimu Fredi akakitazama kitanda kile, akauliza kama kunguru akipita juu ataiona hiyo miguu. Mgeni akajibu kwamba kunguru hataiona, ila yeye anajua ipo. Darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Tangu hapo akawa kunguru. Nyumbani sufuria ikageuka duara, kabati likawa mstatili, na mumewe Asadi, aliyekuwa amejikalia zake anakula, akawa kiduara chenye mabega. Asadi akalalamika kwamba kanyimwa uso.

Mwezi wa tano wa masomo, akasikia kwamba Bi Mariamu, mjane anayeuza vitenge sokoni, amepata kiwanja Chuno na anataka kujenga. Mgeni akaenda kumwomba kazi ya kumchorea ramani. Bi Mariamu akasita. Nyumba zote alizoziona zikijengwa zilichorwa mchangani kwa kijiti, na fundi wake alikuwa Inasio, mwashi ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na ambaye hajawahi kukosea kona. Mwisho wakapatana hivi: Jumamosi Mgeni alete karatasi kiwanjani. Bi Mariamu akiielewa, nyumba itajengwa kwa ramani hiyo. Asipoielewa, Inasio achukue kijiti chake, na Mgeni asubiri kuitwa wakati wa plasta.

Jumamosi walikutana watatu pale kiwanjani. Mgeni aliikunjua karatasi juu ya rundo la matofali kwa mikono miwili. Mistari ilikuwa imenyooka, herufi zimepangwa, sentimita moja ikisimama badala ya mita moja.

Bi Mariamu akainama, akavaa miwani, akaivua.

"Mwanangu, mbona hii nyumba haina paa?"

Mgeni akaeleza habari za kunguru. Bi Mariamu akaitikia kwa adabu, kisha akauliza kwa nini kila mlango umewekewa robo ya chapati. Mgeni akaeleza kuwa ile ni njia ya mlango unapofunguka. Inasio akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko, akaanza kutafuta kijiti kwa macho. Kadiri Mgeni alivyoeleza, ndivyo Bi Mariamu alivyozidi kuitikia, na Mgeni alilijua itikio lile: ni la mtu aliyekwisha kuondoka moyoni, bado miguu tu.

Ndipo Bi Mariamu akauliza, kama wa kuaga, "Na kibla ni wapi hapa?"

Mgeni akamwonyesha mshale pembeni, wenye herufi K. Alikusudia kaskazini, lakini kwa mtu wa Mtwara kaskazini ndiko kibla. Bi Mariamu akaichukua karatasi, akaitandika mchangani, akaizungusha taratibu mpaka mshale ukaelekea kule anakoelekea kila siku mara tano. Akachuchumaa. Kidole chake kikapita kwenye robo ya chapati, kikaingia.

"Hapa barabara iko nyuma yangu. Hii sebule. Hiki chumba changu, jua la asubuhi linanigonga huku." Akapinda kushoto. "Hiki choo."

Kidole kikasimama.

"Mgeni, mtu akikaa hapa anatazama wapi?"

Mgeni akainama, akakitazama kidole. Sinki la choo alilichora likielekea kibla moja kwa moja, upande ambao Mwislamu haelekei akiwa chooni. Yeye, asiyekosa sala, miezi mitano akishindana na mistari, alisahau kwamba ule mshale una mahali unakokwenda.

Inasio akashindwa kujizuia. "Mana Mgeni," alisema, maana ndivyo kwao wamwitavyo dada, "hata mimi Mkristo nisingethubutu."

Mgeni akatoa raba na penseli. Akaligeuza sinki robo duara. Lakini sasa mlango ukifunguka ungeligonga, kwa hiyo akaufuta mlango pia, akausogeza kwenye ukuta wa koridoni. Mkono haukutetemeka. Alipomaliza, hakuinua kichwa. Alijua mambo yameharibika.

"Wewe unahuzunika nini?" Bi Mariamu akamuuliza. "Ningekuwa sijaielewa karatasi yako, ningekijuaje hicho choo?"

Kisha akataka dirisha la jiko lihamie upande wa barabara, aone nani anapita na amebeba nini. Alitaka na ukumbi upungue nusu mita, akipima kwa kidole mwenyewe. Mgeni alifuta na kuchora mpaka karatasi ikachakaa, na Bi Mariamu akasema Jumatatu wachimbe msingi, karatasi iwepo, safi.

Bi Mariamu alipoondoka, Inasio alibaki amechuchumaa juu ya ramani, akiigeuza huku na huku.

"Hilo darasa lenu," alisema bila kumtazama, "wazee wanapokelewa?"